Mjomba ana nyuzi tano, mimi nina sita: kwa nini yeye aliliza watu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisani kwetu Mbeya, huu mwaka wa sita. Sebene naziweza, skeli nimezifanyia mazoezi mpaka vidole vimeota sugu. Mwezi uliopita tulimzika bibi mzaa mama kijijini. Usiku wa matanga mjomba wangu, ambaye ni fundi baiskeli na hajawahi kupiga bendi yoyote, alichukua galatoni lake (gitaa kavu, lisilo la umeme) lenye nyuzi tano akapiga wimbo mmoja wa msiba. Kodi tatu tu, yaani mishiko mitatu ya nyuzi. Watu walilia, hata mimi. Kesho yake nikaombwa nipige wimbo uleule kwa gitaa langu la umeme. Watu wakasema "hongera, unajua", basi. Nimekutumia video zote mbili. Mjomba ana nini ambacho mimi sina? Ni kipaji, au kinafundishika?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na poleni sana kwa msiba.

Video ya mjomba nimeitazama mara tisa. Yako nimeitazama mara nne, na usininunie kwa hilo, kwa sababu hiyo tofauti ya tisa na nne ni sehemu ya jibu lako. Yako nilipoitazama mara ya pili tayari nilijua kila kitakachokuja. Ya mjomba, hata mara ya nane, kulikuwa na sehemu moja ambayo nilijikuta nimezuia pumzi nikimsubiri.

Lakini kabla hatujagusa gitaa, kuna jambo umeliandika kama mtu anayepita njia. Marehemu ni bibi mzaa mama. Mjomba ni kaka wa mama yako. Kwa hiyo yule mzee usiku ule alikuwa anampigia mama yake mzazi, mbele ya watu waliomjua huyo mama, saa ambayo kila mmoja pale uwanjani alikuwa na donge kooni tayari. Galatoni lile lingepigwa vilevile kwenye hoteli, watu wakiwa na sahani zao, sidhani kama wangegeuka watatu. Wewe ulipiga kesho yake mchana, watu wamechoka, masufuria yanaoshwa, wengine wanaulizia basi la saa nane. Usijihukumu kwa kulinganisha saa hizo mbili.

Hata hivyo swali lako halijaisha hapo. Mimi bibi yako sikumjua, nipo mbali, natazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na bado yule mzee amenishika. Kwa hiyo kuna kitu kwenye vidole vyake, na kitu cha kwenye vidole kinaweza kuelezwa. Watu hupenda kusema "anapiga kwa moyo", wakiisha kusema hivyo wanaona wamemaliza. Moyo hauna vidole. Lililomo moyoni lazima lipitie kwenye gumba na kwenye nyuzi ndipo mwingine alisikie, na huko ndiko mimi na wewe tunakoweza kwenda kuchungulia.

Tuanze na huo uzi uliokatika. Ukiangalia vizuri kwenye dakika ya kwanza, uliokosekana ni wa tano, yaani A. Mjomba amefunga penseli kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni) kwa kipande cha mpira wa tyubu (fundi baiskeli ni fundi baiskeli popote), na kuanzia hapo anashika kodi za G, C na D kama mtu mwingine yeyote. Kodi ya G besi yake iko uzi wa sita, hana shida. D besi yake ni uzi wa nne, hana shida. Ila C, kwa mshiko wa kawaida, mguu wake uko kwenye uzi wa tano, na uzi wa tano haupo. Kwa hiyo gumba la mjomba linaporomoka mpaka uzi wa sita ulio wazi, linagonga E. C yake inasimama juu ya E. Sio kosa, ni kodi ileile, ila imesimama kwa mguu mmoja: inasikika kama mtu aliyeegemea mlango, hajaamua kukaa wala kuondoka. Kila mara wimbo unapofika C, msikilizaji anabaki na kiu kidogo. Wewe C yako umeipiga kamili, imekaa kitako, kiu haikuwepo.

Tafadhali usiende kukata uzi wa tano. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyefanya hivyo.

Sasa njoo kwenye ile sehemu ya kuzuia pumzi. Ni mwisho wa mstari wa pili, kwenye neno "safarini". Mjomba anatoka G kwenda D. Kwenye G, kidole chake kidogo kimekanyaga uzi wa kwanza freti ya tatu, ukihesabu kuanzia kwenye penseli. Kodi inabadilika, gumba limeshagonga besi ya D, vidole vingine vimeshahamia D, lakini hicho kidole kidogo kimebaki palepale. Kinasuguana na kodi mpya. Kisha, kwa kuchelewa, anakiinua bila kuugonga uzi tena, na noti inashuka yenyewe mpaka freti ya pili, taratibu, karibu isisikike. Wewe ni mwanakwaya, nikuambie kwa lugha yenu: do inakataa kuondoka wakati kodi imeshakuwa ya so, halafu inakubali, inashuka kwenye ti.

Hilo halikuanza kwa mjomba wala halitaishia kwake. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha majibu ya wasikilizaji 83 aliowauliza ni mahali gani hasa ndani ya muziki panapowatoa machozi, panapowasisimua ngozi au kuwaendesha moyo mbio. Machozi yalijitokeza sana pale ambapo noti ya juu inaegemea kodi isiyo yake kisha inateremka kwao. Ngozi kusisimka kulikuja zaidi pale inapoingia kodi ambayo mtu hakuitegemea. Wale walikuwa wasikilizaji wa huko kwao, na nyimbo zao ni za huko kwao, kwa hiyo sitakuapia kwamba matokeo yao yanafika kijijini kwenu kama yalivyo. Ila nilipoyasoma kwa mara ya kwanza niliwakumbuka mabibi wa kwaya ya mtaani kwetu, ambao hawakuwahi kumsikia Sloboda na walikuwa wanaichelewesha hiyo do kila Jumapili.

Kwenye video yako, mahali hapohapo, umepiga noti kumi na moja. Nimezihesabu kwa kupunguza mwendo wa video. Zote ni sahihi, zote ziko ndani ya skeli, na hakuna hata moja iliyoegemea kitu. Umefika D mapema, ukaanza kuipamba.

Kuna la pili, na hili nadhani ndilo kubwa kuliko yote, ingawa walimu wengi hawaligusi. Mjomba anapiga gitaa kwa Kiswahili. Namaanisha hivyo hasa. Neno la Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sa-fa-RI-ni, ma-re-HE-mu, MA-ma. Sasa nyimbo nyingi za vitabuni zilikuja na wamisionari, tuni zikiwa za Ulaya, maneno yetu yakashonewa juu yake, na mahali pengi pigo zito limeangukia silabi isiyo yake. Tumezoea, tunaimba hivyohivyo. Mjomba hakuzoea, au alichoka. Sikiliza anavyokivuta "ri" cha "safarini" kikavuka pigo lake, halafu "ni" anaidondosha kama mtu anayemalizia sentensi. Na gitaa linafuata hivyohivyo, hata pale asipoimba. Ndiyo maana kodi zake tatu zinasikika kama maneno. Msikilizaji hahitaji kujua muziki ili ashikwe na hilo, anahitaji tu kuwa aliwahi kuongeleshwa.

Wewe umepiga tuni kama ilivyo kwenye kitabu, sawasawa, juu ya mdundo wa kinanda. Umeipiga vizuri. Lakini nilipoziba macho sikuweza kujua maneno ni yapi.

Halafu kuna beti ya tatu. Sijui kama uliona, kwa sababu nawe ulikuwa unalia. Wimbo unafika kwenye neno "mama", na mjomba anafunga mdomo. Haimbi. Gitaa linapiga noti mbili za neno hilo peke yake, gumba likiwa limetulia, hakuna besi. Hapo ndipo kwenye video inasikika sauti ya mama mmoja upande wa kushoto akiangua kilio. Hili mimi sifundishi. Sina hakika hata kama mjomba alikusudia. Huenda koo lilimkaba tu. Ila angalia kwamba alikuwa na nafasi ya kunyamaza, kwa sababu wimbo wake haukuwa umejaa. Ungekabwa wewe, efekti yako ya mwangwi ingeendelea kuimba bila wewe.

Na hapo nikuambie kisa changu. Nilipiga gitaa la ridhimu bendi za dansi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilikuwa kama wewe, naogopa kimya. Usiku mmoja, katikati ya wimbo, kiongozi wetu alinisogelea jukwaani, akatabasamu kwa watu, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu. Akaacha kiganja pale beti nzima. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwimbaji akabaki na besi na tumba tu, na nikaona kwa macho yangu watu waliokuwa wamekaa wakiinuka wawili wawili. Alipoondoa mkono nikaanza tena, na nilipiga nusu ya nilichokuwa napiga. Hakuniambia neno, si usiku ule wala baadaye.

Usije sasa ukaenda kupiga polepole na kidogo ukadhani umepata dawa. Kuna wapigaji wa polepole wanaochosha kuliko mahubiri ya masaa matatu. Mtafute mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, yule Mwenda wa Bayeke wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, naye akiwa kijana wa rika lako. Alipiga gitaa kavu kwa gumba na kidole cha shahada, na kwenye wimbo wake Masanga ana kasi ambayo wewe na sebene zako mngetafutana. Lakini gumba lina safari yake chini, kidole cha shahada kina safari yake juu, kimoja kinauliza na kingine kinajibu, na mwenye kusikia huweza kuapa kwamba wapo watu wawili wameketi kwenye benchi moja. Hakuna noti iliyowekwa kuziba tundu. Mwaka 1969 aliipanda ndege mpaka tamasha la Newport, Marekani, na gitaa likiwa lilelile la maongezi. Kisha msikilize George Mukabi, wa magharibi mwa Kenya, bwana wa mtindo wa omutibo, aliyefariki mwaka 1963: huyo anakuimbia kama jirani anayekupa habari ukutani, na gitaa halimpiti neno hata mara moja. Kasi haimzuii mtu kuongea. Ila ukiwa huna la kusema, kasi inakufichua haraka zaidi.

Umeuliza kama ni kipaji. Sina ugomvi na kipaji, lakini angalia hesabu. Umeniambia mjomba ana miaka hamsini na kitu, na wimbo huo anaupiga tangu ujana. Wewe una nyimbo themanini za kwaya kwa mwaka. Kwa ujumla wa gitaa, wewe unamzidi mjomba mbali. Kwa wimbo huo mmoja, mjomba ni mbobezi na wewe ni mgeni. Kwenye mpira na ndondi tuna neno zuri, mchezaji wa ridhaa: haishi kwa mchezo huo, anacheza kwa kuridhia. Mpiga gitaa wa ridhaa halipwi, na kwa kuwa halipwi hana anayemwambia abadilishe wimbo. Anaweza kukaa na wimbo mmoja miaka thelathini, jioni baada ya kazi, akiusugua kama mtu anayesugua sufuria. Sisi wa bendi hatukuwa na anasa hiyo. Kule Marekani kulikuwa na mkulima wa Avalon, Mississippi, akiitwa John Hurt. Alirekodi sahani mwaka 1928, hazikumpeleka popote, akarudi shambani. Mwaka 1963 wapenzi wa zile sahani za zamani walimfuata mpaka Avalon, na mzee alikuwa bado ana gumba lake lilelile linalotembea kama mtu anayekwenda kisimani. Miaka thelathini na mitano alikuwa anawapigia majirani. Nikimsikiliza huyo naona kabisa kwamba hakuwahi kuwa na haraka ya kumfurahisha mtu asiyemjua.

Na sauti yenyewe. Mjomba anapiga kwa nyama ya gumba, si kucha, juu ya tundu la gitaa, na nyuzi zake ni kuukuu. Uzi ukigongwa katikati ya urefu wake hutoa sauti nene na ya mviringo. Ukigongwa karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye ubao wa gitaa, zile sauti nyembamba za juu zinapata nguvu, unakuwa mkali. Wewe unatumia piki ngumu, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, karibu na daraja, na nyuzi mpya. Kwa sebene ni sawa kabisa, sebene inataka kukata. Kwa msiba ulikuwa unaongea na wafiwa kwa sauti ya kondakta.

Sasa ufanye nini? Chukua wimbo huohuo, usihangaike na mwingine. Kwanza gitaa liache ukutani. Yasome maneno kwa sauti kama unayemwambia mtu, jirekodi kwenye simu, usikilize ni wapi unavuta na wapi unakata. Halafu uyaimbe, hata kama sauti yako ni mbaya. Ya mjomba nayo si nzuri, na hakuna aliyeijali. Ukishajua unapumua wapi, shika gitaa, zima efekti zote, na upige tuni kwenye uzi mmoja tu, wa pili, ukitembea juu na chini ya shingo. Uzi mmoja unakunyima ujanja. Huwezi kukimbia, huwezi kupamba, itabidi uamue kila noti ianze lini na ife lini. Pale ulipopumua ulipoimba, gitaa nalo linyamaze. Kaa hapo wiki mbili. Utachoka, utaona unapoteza muda, utatamani skeli zako. Kaa tu.

Ndipo uongeze besi kwa gumba. Besi peke yake, bila kodi. Utashangaa jinsi wimbo unavyotosheka na sauti mbili. Kodi ziingie mwisho kabisa, na kila moja uiulize inafanya nini pale.

Kile kidole kidogo cha "safarini" nacho kifanyie mazoezi peke yake: G, kwenda D, kidole kibaki, subiri, inua. Mara ya kwanza utakiinua mapema kwa aibu. Kuna hatua, kama siku ya tatu au ya nne, ambapo utaanza kuona uchungu mdogo wa kukiacha pale, na furaha ndogo ya kukiinua. Ukishaona hivyo wewe mwenyewe, kuna uwezekano mtu mwingine naye akaona. Ukiwa huoni kitu, usitegemee aliyekaa kwenye benchi la nyuma aone.

Na usimpigie kanisa zima kwanza. Mpigie mtu mmoja, tena anayefanya kazi nyingine, mama yako akichambua mchele kwa mfano. Usimwambie asikilize. Kama mikono yake itapunguza mwendo mahali fulani, kumbuka ni mahali gani. Hicho ndicho kipimo pekee ninachokiamini, na nimekitumia kwa mke wangu miaka ishirini bila yeye kujua. (Anajua.)

La mwisho ni kuhusu ahadi uliyoiandika chini ya barua, kwamba Krismasi utampelekea mjomba seti mpya ya nyuzi. Mpelekee, ni jambo jema, na uzi wa sita wake unaonekana una kutu. Ila usimfungie mwenyewe. Mkabidhi pakiti, kaa pembeni, uone kama huo wa tano ataufunga au atauacha kwenye karatasi yake.